Barua ya wazi kwa mawaziri wa afya wa Afrika Mashariki: kinga ya wodini isingoje tangazo la mlipuko

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Afya wa Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda.



Kinga na udhibiti wa maambukizi ni kazi ya kila siku ya kuzuia ugonjwa usitoke kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, au kwa muuguzi, au kwa mama aliyekuja kumuuguza mwanawe, au kwa mfagizi wa wodi. Kazi hiyo ina mahitaji yake yanayojulikana: maji, sabuni, glavu, boksi la sindano, nafasi kati ya kitanda na kitanda, na mtu mwenye mamlaka ya kuisimamia. Katika ukanda huu imezoeleka kuja na mlipuko na kuondoka nao. Mlipuko ukitangazwa, mahema yanasimikwa, mavazi ya kinga yanashushwa kwa ndege na semina zinafuatana. Siku 42 zikipita bila mgonjwa mpya, mlipuko unatangazwa kuwa umekwisha, mradi unafungwa, na ndoo ya koki iliyowekwa mlangoni inabaki kavu. Lalamiko la barua hii ni hilo, nalo linaelekezwa kwa Mawaziri kwa sababu bajeti, ikama na miongozo viko mikononi mwao.

1. Mgonjwa wa kwanza huwa hajulikani.

Ebola na Marburg huanza kama malaria: homa, kichwa kuuma, mwili kulegea, kutapika, kuhara. Kutoka damu, dalili ambayo wengi huingojea kabla ya kushtuka, huchelewa, na kwa wagonjwa wengi haitokei kabisa. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza huingia kwa mlango wa kawaida, hukaa kwenye benchi pamoja na wengine, hutobolewa kidole, hutundikiwa dripu, na mara nyingi huhamishwa kituo kimoja hadi kingine kabla ya mtu yeyote kutamka neno virusi.

Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg tarehe 27 Septemba 2024. Mgonjwa anayeaminika kuwa wa kwanza alikutwa na malaria kweli, na malaria hiyo ikaficha kirusi kilichokuwa nyuma yake. Hadi mlipuko unatangazwa kuisha tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, watu 66 walikuwa wameugua na 15 wamefariki. Takribani wanane katika kila kumi walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao wakiwa wa hospitali mbili za Kigali. Kwa upande wa matibabu Rwanda ilisifiwa, na ilistahili: wagonjwa wawili waliowekewa mashine ya kupumulia walitolewa wakiwa hai, jambo ambalo halikuwahi kuonekana barani Afrika kwa ugonjwa huo. Hata hivyo hesabu ya wahudumu walioambukizwa ni hesabu ya wodi kama zilivyokuwa kabla ya tangazo. Haiwezi kusomwa vinginevyo.

Uganda ina kumbukumbu zinazofanana. Kijana wa Mubende ambaye kwake Ebola ya aina ya Sudan ilithibitishwa Septemba 2022 alikuwa amepita kwenye kliniki binafsi kabla ya kufikishwa hospitali ya rufaa. Mlipuko huo ulileta wagonjwa 142 waliothibitishwa, 55 kati yao wakafariki. Wahudumu wa afya 19 waliugua na saba wakapoteza maisha. Virusi hivyo viliporudi Januari 2025, mtu wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Taifa ya Mulago, naye alipata kwanza huduma sehemu kadhaa, ikiwemo kwa mganga wa kienyeji.

Mkoa wa Kagera, nchini Tanzania, nao umepitia Marburg mara mbili. Mwaka 2023, katika wilaya ya Bukoba, waliugua watu tisa na sita wakafariki, mmoja wao akiwa mhudumu wa afya. Mara ya pili ilikuwa Biharamulo. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa. Serikali ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha kirusi. Tarehe 20 Januari Rais akatangaza mjini Dodoma kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Wizara ina haki ya kungoja maabara kabla ya kuzungumza na taifa. Muuguzi wa zamu ya usiku hana nafasi hiyo. Kati ya tarehe 14 na tarehe 20 alilazimika kuwagusa wagonjwa kama kawaida, na kilichoweza kumlinda ni mazoea ya kituo chake na vifaa vilivyokuwa kwenye kabati siku zile.

Ombi la kwanza, basi, linahusu mlango. Kila hospitali, kituo cha afya na zahanati, ya serikali, ya dini au ya mtu binafsi, iwe na mtu wa kuwachuja wagonjwa kabla hawajafika kwenye dirisha la mapokezi. Awaulize walikotoka, waliyemuuguza, waliyemzika, na kama wameingia pangoni au mgodini. Marburg hukaa kwa popo wala matunda waishio humo. Pawe na chumba au hata kibanda chenye hewa cha kumketisha mwenye majibu ya kutia shaka. Tahadhari za msingi za mikono, glavu na sindano zitumike kwa kila mgonjwa bila kungoja jina la ugonjwa. Na mwongozo useme kwa maneno ya wazi kwamba kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, faili halijafungwa.

2. Hospitali inaweza kuwa ndiyo njia ya ugonjwa.

Jambo hili linajulikana tangu Ebola ilipotambuliwa. Yambuku, kaskazini mwa Kongo, mwaka 1976: hospitali ya misheni ilitoa sindano tano kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wote, wa nje na wa wodini, na kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu. Watu 318 waliugua, 280 wakafariki, na hospitali ikafungwa baada ya wafanyakazi 11 kati ya 17 kufa. Kikwit, mwaka 1995, timu ya upasuaji iliambukizwa na mgonjwa mmoja iliyempasua bila kujua ana nini. Takribani robo ya wagonjwa wote 315 wa mlipuko ule walikuwa wahudumu wa afya. Gulu, nchini Uganda, mwaka 2000, hospitali ya Lacor ilimpoteza daktari wake mkuu, Matthew Lukwiya, aliyekuwa mstari wa mbele kuutambua ugonjwa na kupanga kinga ya wenzake.

Afrika Magharibi ikalipa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba mhudumu wa afya nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone alikuwa katika hatari ya kuambukizwa Ebola mara 21 hadi 32 zaidi ya mtu mzima wa kawaida. Liberia ilipoteza takribani asilimia 8 ya madaktari, wauguzi na wakunga wake, nayo tangu mwanzo haikuwa nao wa kutosha. Watu waliziogopa hospitali, vituo vikafungwa, na wajawazito wakajifungulia nyumbani. Vifo vilivyotokana na hayo haviingizwi kwenye takwimu za Ebola, na pengine ndiyo maana vinasahaulika upesi.

Hapa panahitajika uwazi. Kauli ya kwamba mlipuko uliletwa na mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka huwa kweli kwa mgonjwa mmoja au wawili. Wanaofuata huambukizwa nyumbani, msibani na wodini, na wodi ndiyo sehemu pekee kati ya hizo tatu iliyo chini ya amri ya wizara.

3. Kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 nguzo nane za programu ya kinga na udhibiti wa maambukizi, na mwaka 2019 likaweka kiwango cha chini kabisa ambacho kila nchi inapaswa kukifikia. Kwa hospitali, kiwango hicho kinataka mtaalamu aliyefunzwa, mmoja kwa kila vitanda 250. Nchi za ukanda huu zina miongozo mizuri ya kitaifa, iliyochapwa kwa karatasi nzito. Kinachokosekana ni mtu. Mahali pengi mratibu wa kinga ni muuguzi aliyeongezewa cheo hicho juu ya zamu zake za wodi ya wazazi. Hana saa maalumu wala fungu, na hana uwezo wa kumwambia daktari bingwa avue saa na pete kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Mawaziri wanaombwa kuiingiza nafasi hiyo kwenye ikama: mtaalamu wa kudumu kwa kila hospitali kuanzia ngazi ya wilaya, anayeripoti moja kwa moja kwa mganga mfawidhi, mwenye fungu dogo la bajeti analolisaini mwenyewe. Kwa zahanati, ambazo haziwezi kuwa na mtaalamu wake kila moja, awepo mmoja wa wilaya mwenye pikipiki na ratiba ya kuzizungukia. Kinga iingie pia kwenye mitihani ya vyuo vya uuguzi na utabibu kama somo linalojitegemea, kwa sababu semina ya siku mbili katika hoteli ya mjini huwafikia walewale kila mara.

4. Maji, sabuni na kitakasa mikono.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba nusu ya vituo vya huduma za afya duniani havina huduma ya msingi ya usafi wa mikono, yaani maji na sabuni, au kitakasa, pale mgonjwa anapohudumiwa na kwenye vyoo. Mwaka huohuo Shirika hilo lilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati wagonjwa 15 katika kila 100 wanaolazwa hupata angalau ambukizo moja hukohuko hospitalini, wakati katika nchi tajiri ni saba. Hayo ni maambukizi ya siku za kawaida: vidonda vya upasuaji vinavyooza, vichanga wanaopata sumu ya damu, mipira ya mkojo inayoleta usaha. Kituo kinachoshindwa kuyazuia hayo hakiwezi kuamka ghafla kikaizuia Marburg.

Mhudumu hutakiwa kusafisha mikono katika nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi maalumu, baada ya kukutana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kunawa kwa sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60, na kitakasa sekunde 20 hadi 30. Muuguzi mwenye wagonjwa 40 na bomba moja mwisho wa korido hawezi kutimiza hayo hata akiwa na nia ya malaika. Chupa ya kitakasa mfukoni au kwenye kitanda ndiyo humwezesha.

Chupa hiyo si lazima iagizwe kutoka nje. Kanuni iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani ipo wazi kwa kila mfamasia. Kwa lita 10, huchukuliwa mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na mililita 145 za gliserini ya asilimia 98, kisha hujazwa maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kufikia lita 10. Mchanganyiko huwekwa kwenye chupa safi na kuachwa saa 72 kabla ya kutumiwa, ili peroksaidi iue vimelea sugu vilivyobaki ndani ya chupa. Gliserini ni kwa ajili ya ngozi. Bila hiyo mikono hupasuka na wahudumu huacha kuitumia dawa, jambo ambalo wanunuzi wanaobana matumizi hulisahau. Ethanoli yenyewe hutengenezwa kwa molasi, na viwanda vya sukari vipo kuanzia Kakira nchini Uganda hadi Kilombero nchini Tanzania. Ombi ni kwamba kila hospitali ya rufaa ipewe kibali, stoo salama dhidi ya moto na fungu la kutengeneza kitakasa chake na cha vituo vilivyo chini yake.

Klorini nayo ina utaratibu wake. Ili kupata mchanganyiko wa asilimia 0.5 wa kusafishia sakafu na damu iliyomwagika, kikombe kimoja cha JIK ya asilimia 3.5 huchanganywa na vikombe sita vya maji. Hutengenezwa upya kila siku, na uchafu hufutwa kwanza, maana klorini huishiwa nguvu ikikutana na damu nyingi. Haikukusudiwa kunyunyiziwa binadamu. Vile vibanda vya kunyunyizia watu dawa vilivyopendwa sana na kamera mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, vilikuwa maonyesho tu. Fedha zake zingenunua matangi ya maji.

5. Mavazi ya kinga yaliyofungiwa stoo.

Baada ya kila mlipuko husalia maboksi ya gauni, miwani na barakoa. Mara nyingi hufungiwa kwa kufuli yakingoja dharura, mpaka tarehe ya matumizi inapita, huku chumba cha kujifungulia kikikosa aproni. Lawama hapa si ya mtunza stoo. Amepewa agizo la kutunza, hakupewa agizo la kuzungusha. Akiba ya dharura inatakiwa itumike na kujazwa: cha zamani kiende wodini, kipya kiingie rafuni.

Kuwa na vazi ni sehemu ndogo ya kazi. Hatari kubwa ipo katika kulivua, mhudumu akiwa amechoka, amelowa jasho, na sehemu ya nje ya vazi ikiwa imechafuka. Huvua hatua kwa hatua, na kila baada ya hatua husafisha mikono. Gauni hukunjwa kwa kulibiringisha upande wa ndani utokeze nje. Miwani hushikwa kwa mkanda wa nyuma. Barakoa huvuliwa mwishoni bila kuigusa mbele. Pembeni husimama mwenzake akimsomea hatua moja moja, kwa kuwa aliyechoka hukimbilia kujifuta uso. Ustadi huo husahaulika upesi usiporudiwa. Kila kituo kinachoweza kumpokea mgonjwa wa aina hii kifanye zoezi la kuvaa na kuvua angalau kila baada ya miezi mitatu, wahudumu wa usiku wakiwemo.

6. Wasiohesabiwa.

Wodi za Afrika Mashariki zinaendeshwa kwa mikono ya ndugu. Muuguzaji humlisha mgonjwa, humwogesha, hufua shuka, humwaga choo, na usiku hulala chini ya kitanda. Programu nyingi za kinga zimeandikwa kana kwamba mtu huyo hayupo. Mfano wa Korea Kusini unafaa kutazamwa, kwani unaondoa kisingizio cha umaskini. Mwaka 2015 msafiri mmoja aliyetoka Mashariki ya Kati na kirusi cha MERS alianzisha mlipuko wa wagonjwa 186, na 38 wakafariki. Mgonjwa mmoja wa baadaye aliambukiza zaidi ya watu 80 katika chumba cha dharura cha hospitali ya kisasa mjini Seoul, kilichojaa wagonjwa na jamaa zao wanaowauguza. Baada ya hapo nchi hiyo ilibadili kanuni: wodi mpya zisizidi vitanda vinne kwa chumba, na kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.5.

Kumfukuza muuguzaji hakuwezekani pale ambapo wauguzi wawili wana wodi nzima. Anachohitaji ni idadi maalumu, mmoja kwa kila mgonjwa, maelekezo kwa lugha anayoielewa, glavu za kusafishia, mahali pa kunawa, na jina lake kuandikwa daftarini ili atafutwe ikiwa lolote litatokea.

Wafagizi, madobi, wabeba maiti wa mochwari na madereva wa ambulansi wamo kwenye kundi hilo. Wengi huajiriwa na kampuni za wakandarasi, kwa mikataba mifupi na bila chanjo ya homa ya ini aina B. Ndio wanaobeba boksi la sindano lililojazwa kupita robo tatu, sindano zikichomoza juu. Mikataba ya zabuni za usafi iwe na kifungu cha mafunzo, chanjo, buti na glavu nene. Mkandarasi asiyekitimiza asilipwe.

7. Mazoezi yafanyike wodini pia.

Juni 2019 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya zoezi kubwa la dharura katika mpaka wa Namanga, kati ya Kenya na Tanzania, kwa mlipuko wa kufikirika wa homa ya Bonde la Ufa. Lilikuwa jambo jema, na limeacha uzoefu wa nchi mbili kufanya kazi pamoja. Kipimajoto cha mpakani, hata hivyo, hakimwoni aliyeambukizwa jana, kwani Ebola na Marburg huweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili. Mgonjwa huyo atajitokeza Ngara, Kayanza au Goma, saa nane za usiku, kwenye kituo chenye muuguzi mmoja. Ombi ni kwamba mazoezi yajayo ya Jumuiya yaanzie hapo: mgonjwa wa kuigiza aingie bila taarifa, na ipimwe ni dakika ngapi zinapita kabla ya kutengwa, na ni watu wangapi wamemgusa.

8. Taarifa na haki ya aliyeumia kazini.

Muuguzi aliyejichoma sindano hunyamaza akihofia kulaumiwa au kupoteza mshahara wa siku 21 za uangalizi. Ukimya huo ndio humfikisha akiwa na homa kwenye zamu inayofuata. Nchi wanachama ziweke kwa sheria malipo kamili ya kipindi cha uangalizi, matibabu bila gharama, na fidia kwa familia ya anayefariki, wakiwemo wafanyakazi wa wakandarasi na wa zahanati binafsi. Idadi ya wahudumu walioambukizwa itolewe katika kila taarifa ya mlipuko, na kwa siku za kawaida kila hospitali ichapishe kila mwaka idadi ya maambukizi yaliyopatikana ndani yake.

Mawaziri wanaombwa kuyaweka maombi haya kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Baraza la Kisekta la Mawaziri wa Afya la Jumuiya, na kila nchi itaje katika bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata fungu la kinga na udhibiti wa maambukizi kwa jina lake, nje ya fungu la dharura.



Nakala: Makatibu wakuu wa wizara za afya, kamati za bunge zinazosimamia afya, vyama vya wauguzi, madaktari na wafanyakazi wa usafi wa hospitali.